Giaboksi Iliyolalia Ngozi ya Fahali

Vijana wa karakana, mlinifanyia sherehe ya kuniaga, mkanipa saa ya ukutani na kitenge cha mke wangu, kisha mkaniomba niandike mambo ya kazi ili yasipotee. Nilicheka. Miaka yote niliyokaa nanyi, kila nilipofungua mdomo kueleza jambo mlikuwa na haraka ya kwenda kunywa chai. Nimeondoka, ndipo mnataka. Haya, nimekaa barazani, upepo wa Singida unagombania karatasi zangu, nimezibana kwa spana namba kumi na saba, naandika. Habari za vyeo na mshahara sitaziandika, maana zote mbili zilikuwa fupi.

Nilianza kazi miaka michache baada ya uhuru, katika karakana ya chama kimoja cha ushirika ambacho siku hizi hakipo. Siku ya kwanza nilivaa suruali yangu ya kanisani, imepigwa pasi, mkunjo wake unasimama. Fundi mkuu alikuwa Mzee Mghenyi, Mnyaturu wa upande wa Ilongero, mtu mwembamba aliyejifunza magari jeshini wakati wa vita ya Mwingereza. Alinitazama, akaitazama suruali, akaniambia nilale chini ya lori lililokuwa pale.

"Nifanye nini, Mzee?"

"Utazame."

Nikalala chini ya lori kutwa nzima. Oili ilinidondokea kwenye ile suruali, nami sikuthubutu kusogea. Jioni akaniinamia akauliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona oili inavuja. "Inatoka wapi?" Nikamwonyesha pale inapodondokea. "Hapo ndipo inapofika. Nimekuuliza inapotoka." Nikarudishwa chini siku ya pili, na ya tatu. Siku ya nne nilijua inapotoka, na mama yangu alijua kuwa ile suruali haitarudi tena kanisani.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache hata aibu kuvitaja mbele yenu mnaoletewa masanduku yenye kila namba. Mzee alikuwa na spana zake kwenye gunia, ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa bila kunawa. Kanuni hiyo ilitushangaza sana, maana kila mahali watu hunawa baada ya kushika spana. Tulikuwa na vaisi moja ya kubania vyuma, nyundo tatu, na jeki moja yenye tabia ya kushuka yenyewe polepole, bila kelele, mpaka unashangaa gari limekukaribia kifuani. Mzee alichonga magogo mawili ya mninga, na mtu aliyeingia chini ya gari bila kuweka magogo alifukuzwa siku hiyo hiyo. Alifukuza wawili. Wote wawili wako hai, na mmoja alikuja kunishukuru, ingawa hakuwa amefukuzwa na mimi.

Sasa nifike kwenye ile kazi ambayo mmeisikia nusu nusu. Wengine mnaitumia kunisifu, na mimi huwa naondoka mkianza.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Mwanzoni watu walishawishiwa, baadaye wakaletewa malori. Pale mjini alikuwepo bwana mmoja aliyesimamia uhamishaji. Jina lake halina faida hapa. Sote tulimwita Ndugu, kama alivyotaka mwenyewe, na tulimwita hivyo tukiwa tumesimama wima. Alitoka mkoa wa mbali, alipenda kuvaa soksi nyeupe, na alikuwa na gari dogo jeupe la Kiingereza, lililoletwa duniani kwa ajili ya barabara za lami. Mungu akalipangia Singida.

Siku moja mwezi wa tano gari hilo likaja kwetu likigonga kama mtu anatwanga ndani yake. Mkono wa gia ulikuwa unacheza wenyewe. Nikaingia chini, nikaona mara moja. Giaboksi haifungwi moja kwa moja kwenye bodi. Nyuma yake kuna chuma kimelala kama daraja, toka upande huu wa gari hadi ule, na katikati ya chuma hicho kuna kipande cha raba kisichozidi kiganja. Giaboksi inakaa juu ya raba hiyo, ndiyo inayomeza mtikisiko. Raba ya Ndugu ilikuwa imekatika vipande viwili, na chuma chenyewe kimepinda kwa kupiga mawe.

"Lini litakuwa tayari?" Ndugu akauliza. "Wiki hii naanza kule nyuma ya Mungaa. Malori ninayo. Nikimaliza huko nageukia upande wa Ilongero."

Mzee alikuwa anafuta mikono. Akasema raba ya namna hiyo haipatikani mjini, wala Dodoma, na Dar es Salaam tungeandika barua tukajibiwa mwakani. Ndugu akasema, basi tafuteni njia, akatoka nje kuongea na watu.

Mimi nilibaki chini ya gari. Kule nyuma ya Mungaa ndiko nyumbani kwetu. Mama yangu alikuwa mjane, ana shamba la uwele, na uwele wenyewe ulikuwa bado una maziwa ndani ya punje. Kutwa alikuwa juu ya ulingo na kombeo lake anafukuza kwelea kwelea. Kwa hesabu yake zilibaki wiki mbili na siku chache avune. Malori yakija kabla ya hapo, uwele unabaki shambani kwa ndege na ng'ombe, yeye anakwenda kuoneshwa kiwanja chenye vigingi vinne, na njaa inamsubiri hapo hapo. Wenzake wa vijiji vingine tulikuwa tumeona wanavyohama. Tembe zinabomolewa dari mchana kweupe ili mtu asipate wazo la kurudi.

Sasa sikilizeni. Raba ile ningeweza kuitengeneza asubuhi moja. Unachukua tairi kuukuu la lori, unakata vipande vitatu, unavibana kwa bolti, kazi imekwisha. Nani Singida hajui kukata tairi? Nusu ya mkoa ilikuwa inatembea juu ya tairi. Hata dereva wa Ndugu, Athumani, alikuwa amesimama pale pale kavaa makatambuga ya tairi. Akaniangalia mimi, akaangalia miguu yake, akairudisha nyuma taratibu mpaka ikawa nyuma ya pipa la oili. Baadaye nilikuja kujua kuwa mashemeji zake wako Mungaa.

Nikamvuta Mzee pembeni. "Mzee, niweke tairi, ila nisikaze vizuri? Lifike Puma, njiani kwenda Mungaa, likatike."

Sikuwahi kumwona amekasirika vile. "Dereva ana watoto wanne," akasema. "Gari bovu halitoki humu. Ukirudia neno hilo, nenda kwenu."

"Lakini Mzee, mama..."

"Nimekusikia. Na wewe nisikie. Nani kakuambia uweke tairi?" Akaenda hadi mlangoni akamwita Ndugu, mikono nyuma, sauti ya jeshini. "Ndugu, tunaweza kutengeneza kwa ngozi ya shingo ya fahali. Inalowekwa, inaparwa, inakunjwa mara nane, inabanwa kwenye vaisi, inakauka kivulini, inanyweshwa oili. Siku kumi na nane. Tukiharakisha inapasuka."

Nikadhani Ndugu atatutukana. Ah, wapi! Uso wake ulichanua. "Ngozi ya fahali? Mali ya hapa hapa?"

"Ya hapa hapa."

"Bila kuagiza nje hata senti moja?"

"Fahali mwenyewe ni wa Singida, Ndugu."

"Ndugu zangu," akatuambia, sisi wawili na Athumani na kuku mmoja aliyekuwa anapita, "huku ndiko kujitegemea!" Akahutubia muda wa kutosha. Alipoondoka nikamuuliza Mzee kama kweli ngozi ni bora kuliko tairi. Akasema ni bora. Nikamuuliza tena, kweli kabisa? Akasema, "Wewe leta ndoo ya maji."

Na kweli ilikuwa bora. Nawaambia hili kama fundi. Ngozi ya shingoni ni nene kuliko ya mgongoni, na ikinywa oili polepole inakuwa ngumu lakini inakubali kubonyea. Ila angalieni msiipake mafuta ya kondoo. Tulijaribu kipande cha kwanza hivyo, mbwa wa mlinzi akakimaliza, tukapoteza siku mbili. Mzee alimkemea mbwa kwa maneno makali na kumpa maji ya kunywa.

Ndugu alikuja kila asubuhi kuitazama ngozi yake kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Aliigusa kwa kidole, akanusa, akauliza imelalaje. Alileta wageni. Siku ya sita alileta wanafunzi wa shule ya msingi wakaimba mbele ya vaisi. Mimi nilikuwa nahesabu siku kwa misumari ubaoni, na kila Jumapili nilipanda baiskeli kwenda kwa mama. Uwele ulikuwa unakauka vizuri. Mama aliniuliza gari la yule bwana limefikia wapi, nikamwambia linaendelea kutengenezwa vizuri sana, akacheka mpaka akashika mbavu.

Siku ya kumi Ndugu hakuja. Siku ya kumi na moja hakuja vilevile. Nikafurahi, nikadhani amechoka kunusa ngozi. Mchana Athumani akapita kwa miguu, uso umemshuka.

"Mkubwa yuko wapi?" nikamuuliza.

"Ilongero. Tangu jana. Amesema kazi haiwezi kulala kwa sababu ya giaboksi. Mungaa ni mbali, hataki kukaa ndani ya lori njia yote ile. Ilongero ni karibu, hata ukipanda lori soksi hazichafuki. Wameanza na kijiji cha..." Akaangalia ndani.

Ndani Mzee Mghenyi alikuwa anaparua ngozi kwa kipande cha chupa, polepole, toka katikati kwenda pembeni, kama alivyonifundisha. Kijiji kilichoanzwa kilikuwa chake. Mke wake alikuwa huko, na uwele wao ulikuwa umepandwa wiki moja na wa mama yangu. Zamu yao ilikuwa ije baada ya Mungaa, baada ya mavuno. Kama lile gari lingetoka siku ya pili na vipande vitatu vya tairi, mke wake angevuna.

Nilimwendea. "Mzee, umesikia?"

"Nilisikia jana jioni."

"Tukate tairi sasa hivi! Saa moja tu, Mzee. Tumpelekee gari leo, aache huko, aende..."

"Aende wapi?"

Nikaangalia misumari yangu ubaoni.

"Aende kwa mama yako," akasema. "Kwangu wameshapakia. Dari imeshateremshwa. Nilijua anaweza kugeuza njia, lakini nilimwona na zile soksi, nikasema huyu hapandi lori. Nimekosea." Akageuza ngozi upande wa pili. "Shika hapa, vuta."

Nikashika, nikavuta. Nililia, na sioni aibu kuwaandikia. Yeye hakulia. Jioni aliomba ruhusa ya siku moja, akaenda kumsaidia mkewe kujenga kibanda cha nyasi kwenye kiwanja chao kipya. Keshokutwa yake saa moja asubuhi alikuwa amesimama kwenye vaisi, ananawa kabla ya kushika spana.

Siku ya kumi na nane tulifunga. Naandika kazi yenyewe kwa utaratibu, maana hapa ndipo wengi wenu mnaharibu hadi leo, tena na raba mpya za dukani. Weka ubao kati ya jeki na giaboksi, usitoboe chini. Inua kidogo tu. Ukiinua sana, mbele injini inalala na feni inakula rejeta. Weka magogo. Fungua chuma cha chini, kinyooshe kama kimepinda, usikilazimishe kwa bolti. Weka raba, panga mashimo, na ingiza bolti zote kwa vidole, zote, kabla spana haijagusa hata moja. Bolti ikikataa vidole, hujapanga. Toka uanze upya. Kisha shusha jeki, uache giaboksi ikae kwa uzito wake. Washa injini, ingiza gia, tingisha gari mbele na nyuma. Hapo ndipo ukaze, kwa mshazari, kidogo kidogo. Ninyi mnakaza jeki ikiwa bado imebeba, raba inabanwa imepinda, halafu mteja akirudi gari linatetemeka mnamwambia ni barabara.

Tulifanya yote hayo hatua kwa hatua. Nilikuwa chini, yeye juu, mikono yetu ilijuana. Nilipomaliza bolti ya mwisho aliingia mwenyewe kwa chini, akaipitia kila moja kwa spana yake. Hakuongeza hata robo mzunguko.

Gari lilitoka likiwa kimya kabisa. Ndugu aliendesha mwenyewe kuzunguka uwanja wa mpira mara tatu, akarudi anang'aa. Wakaja watu, akahutubia. Mwishoni alimshika Mzee mkono mbele yetu sote.

"Na ndugu huyu, mnajua, kijiji chake kilihama bila kusumbua! Wananchi walipanda malori wenyewe. Si ndiyo, Mzee?"

"Ndiyo, Ndugu," akasema Mzee Mghenyi.

Mama yangu alikuwa amemaliza kupura siku tatu kabla malori hayajafika kwetu. Yalipofika alipanda na magunia yake tisa, akakaa juu yake, akakataa kushuka mpaka yashushwe kwanza. Nilimweleza habari ya Mzee tangu mwanzo hadi mwisho. Hakucheka safari hii. Alinikaripia: mbona nimekaa na jambo hilo siku zote hizo? Akafunga magunia mawili akasema nipeleke kabla Jumapili haijaisha, na nisipokee hata yai.

Nikapata lifti ya lori la mizigo mpaka njia panda, sehemu iliyobaki nikasukuma baiskeli, gunia mbele, gunia nyuma. Kijiji kipya kilikuwa kimepangwa mistari imenyooka vizuri, nyumba hakuna. Watu walikuwa wanapika unga wa mahindi ya njano ya msaada, harufu yake imetanda mistari yote. Nikawakuta Mzee na mkewe, Mama Elia, wamekaa kwenye kivuli cha kibanda chao. Mzee alikuwa na shati la nyumbani. Sikuwa nimewahi kumwona bila ovaroli, akaonekana mtu mzima kuliko nilivyodhani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Hayo ni nini?"

Nikamwambia ni uwele, ametuma mama yangu wa Mungaa. Alifungua gunia, akachota punje kiganjani, akazipuliza. Kisha akakaa chini palepale kwenye vumbi, akaweka mkono kinywani.

"Mungu amzidishie mama yako," akasema. "Wetu uliliwa na ndege mbele ya macho yetu. Zilibaki siku saba, mwanangu. Saba! Wanasema yule bwana alikuwa aanze kwenu, ila gari lake lilikuwa linaumwa, ndiyo akatuangukia sisi." Akazirudisha zile punje ndani ya gunia, moja moja zilizomnata mkononi. "Mimi najiuliza, mjini kuna karakana ngapi? Ni fundi gani huyo, gari dogo linamshinda siku kumi na nane? Baba Elia, wewe uko huko huko. Humjui?"

Niliangalia chini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na nilitamani ardhi ya Ilongero inifunike.

"Namjua," akasema Mzee Mghenyi. "Mpe kijana maji, ametoka mbali."

Akaniletea maji kwenye kata, kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo kama anavyopewa mgeni wa heshima. Nikayanywa yote, na akaniuliza kama niongezewe.